Jike haji kwenye joto, hedhi imekatika, yai halitoki: kutafuta hitilafu kuanzia kwenye peptidi za ubongo

Ovari huonekana kwenye altrasaundi; haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo inayoongoza homoni za uzazi, haionekani. Ndiyo maana ovari hubebeshwa lawama nyingi zisizo zake. Folikuli (kifuko cha yai) iliyokwama, uvimbe wa maji, joto (hamu ya kupandwa) lisiloonekana, hedhi iliyopotea: mara nyingi ovari inatii kile inachoagizwa, na kasoro iko kwenye agizo lenyewe. Mwongozo huu unaanza na dalili, kisha unapanda hadi kwenye seli zinazotoa agizo. Mifano mingi ni ya ng'ombe na kondoo kwa sababu ndio waliochunguzwa kwa kina zaidi, lakini msingi wa mfumo ni uleule kwa mamalia wote wa kike, binadamu akiwemo. Kwa binadamu, dawa zinazotajwa hapa huandikwa na daktari baada ya vipimo.

Agizo linavyosafiri

Agizo lenyewe ni GnRH, homoni ya haipothalamasi; ni peptidi fupi ya amino asidi 10. Seli zinazoitengeneza ni chache mno. Panya wa maabara ana takriban 800 tu katika ubongo mzima. Miisho yake humwaga GnRH kwenye mishipa midogo ya damu inayoshuka moja kwa moja hadi tezi ya pituitari, nayo pituitari hujibu kwa kutoa LH na FSH, homoni mbili zinazoiamuru ovari. GnRH hudumu dakika chache tu kwenye damu, kwa hiyo kila mpigo huanza na kwisha kabla ya unaofuata.

Pituitari haijali sana wingi wa GnRH, inasoma mapigo. Mwaka 1978 kundi la Ernst Knobil lilionyesha hili kwa nyani aina ya rhesus ambao haipothalamasi yao ilikuwa imeharibiwa. Walipopewa GnRH kwa dakika 6 kila saa, LH na FSH zilirudi. Walipopewa mfululizo bila kukatiza, homoni hizo zilishuka na kubaki chini, na zikarudi tena mapigo yaliporejeshwa. Kasi nayo ina maana yake: mapigo ya haraka huielekeza pituitari kwenye LH, mapigo ya polepole huielekeza kwenye FSH.

Seli za GnRH hazina kipokezi cha estrojeni aina ya alfa, kile kinachobeba sehemu kubwa ya ujumbe wa ovari. Zinajuaje basi hali ya ovari? Jibu lilianza kupatikana mwaka 2003, pale timu mbili, moja Ufaransa na nyingine Marekani, zilipokuta kwamba watu wenye kasoro kwenye kipokezi cha kispeptini, peptidi nyingine ya ubongo, hawabalehe. Seli za kispeptini ndizo zinazosoma homoni za ovari, estrojeni na projesteroni, kisha zinaziamrisha seli za GnRH. Ziko katika makundi mawili:

Kundi la kwanza liko kwenye kiini cha akuati, chini kabisa ya haipothalamasi. Kila seli hubeba peptidi tatu: kispeptini, nyurokinini B na dainofini. Nyurokinini B huziwasha seli hizi, moja ikiiwasha nyingine, dainofini huzizima, na kispeptini ndiyo inayotoka nje kwenda kuiamsha GnRH. Kuwaka na kuzima huko ndiko kunakozaa mpigo. Projesteroni hupunguza kasi hasa kwa kupitia dainofini.

Kundi la pili liko mbele zaidi, kwenye eneo la prioptiki. Hili estrojeni nyingi hulichochea badala ya kulizuia, na ndilo linalosukuma wimbi kubwa la LH linalopasua folikuli. Kwa panya na panya-buku mgawanyo huu ni wazi. Kwa kondoo kundi la akuati nalo hushiriki kwenye wimbi, na kwa nyani na binadamu linaonekana kubeba mzigo mkubwa zaidi. Kwa hiyo usichukue matokeo ya panya ukayabandika kwa ng'ombe bila kufikiri.

Ipo pia peptidi ya RFRP-3, ambayo kwa wanyama wengi huzuia GnRH na LH. Athari yake hubadilika kwa spishi, jinsia na msimu, kwa hiyo katika utatuzi wa matatizo ya kila siku haiamui mengi.

Kwanza: hitilafu iko ngazi gani?

Kabla ya sindano yoyote, tenga ngazi tatu: ubongo, pituitari, ovari.

FSH ikiwa juu sana na estrojeni ikiwa chini, ovari ndiyo imeshindwa. Ubongo unapiga kelele na hakuna anayeitikia. Estrojeni ikiwa chini huku LH na FSH nazo zikiwa chini, au zikiwa za kawaida pale zilipopaswa kupanda, tazama juu. Kutofautisha ubongo na pituitari, piga GnRH mara moja kisha pima LH. Kwa ng'ombe mikrogramu 100 za gonadorelini (GnRH ya sindano) kwenye msuli huipandisha LH hadi kilele baada ya saa 2 hivi. Ikipanda vizuri, pituitari ni nzima na kinachokosekana ni agizo. Isipopanda usikate shauri haraka: pituitari iliyokaa muda mrefu bila mapigo huwa imepunguza akiba ya LH na vipokezi vya GnRH, na huhitaji mapigo kadhaa kabla ya kuzinduka.

Kwa mnyama, altrasaundi mbili zilizoachana siku 7 hadi 10 zina thamani kuliko kipimo kimoja cha homoni. Unatafuta vitu viwili: folikuli kubwa ina milimita ngapi, na je, kuna korpasi luteamu, tishu inayobaki baada ya yai kutoka na inayotoa projesteroni. Mnyama mwenye korpasi luteamu, ikiwa hana mimba, mzunguko wake wa uzazi unaendelea, hata kama hakuna aliyemwona kwenye joto. Hapo hitilafu iko kwenye macho ya mtu, wala si kwenye ubongo wa ng'ombe.

Dalili: amezaa, wiki zinapita, hakuna joto wala korpasi luteamu

Ukiangalia ovari utakuta folikuli zinakua hadi ukubwa fulani, zinafifia, na nyingine zinaanza. FSH hurudi mapema baada ya kuzaa na kuanzisha mawimbi ya folikuli. Kinachokosekana ni mapigo ya LH. Folikuli inayotawala huhitaji mpigo mmoja hivi kila saa ili itoe estrojeni ya kutosha kuanzisha wimbi. Akipata mpigo mmoja kila saa nne au zaidi, folikuli hiyo hufa njiani.

Visababishi viwili hutangulia vingine.

*Nishati.* Mnyama anayetoa nguvu nyingi kuliko anazokula hushuka leptini (homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili), insulini na glukosi. Seli za GnRH hazisomi leptini moja kwa moja; habari ya njaa hupitia seli nyingine za haipothalamasi, zikiwemo zile za nyuropeptidi Y, ndipo ifike kwenye kispeptini. Kwa ng'ombe wa maziwa, pima hali ya mwili kwa kipimo cha 1 hadi 5 siku ya kuzaa, kisha tena baada ya mwezi. Aliyeshuka nukta nzima atachelewa, na kumchoma GnRH kila wiki hakutamlisha. Kosa la kawaida ni kuongeza chakula baada ya kuzaa, wakati hamu ya kula iko chini. Hali ya mwili hujengwa kabla. Anayezaa akiwa amenenepa kupita kiasi naye huanguka, kwa sababu hula kidogo na kuyeyusha mafuta mengi.

*Kunyonyesha.* Hapa watu huamini kwamba ni chuchu ndizo zinazozuia. Kwa ng'ombe wa nyama siyo hivyo tu: hata neva za kiwele zikikatwa, ng'ombe anayekaa na ndama wake huendelea kuzuiliwa. Mama hutambua ndama wake kwa macho na pua, na utambuzi huo unatosha kuzuia mapigo. Ndiyo maana kumwekea uzio ambao bado anamwona na kumnusa ndama wake huleta matokeo hafifu. Ukimtenga, mtenge kweli, kwa saa 48, mahali asipoonana naye, huku ndama akipata maji na lishe. Fanya hivyo kwa mama mwenye hali nzuri ya mwili tu. Mapigo ya LH huongezeka ndani ya siku moja hadi mbili, lakini ndama akirudi kabla ya folikuli kukomaa, hurudi chini.

Matibabu yanayolenga chanzo ni projesteroni: kifaa cha ukeni kwa siku 7, kikiunganishwa na GnRH siku ya kwanza na prostaglandini, inayoua korpasi luteamu, siku ya mwisho. Kiwango kidogo cha projesteroni huiacha folikuli ipate mapigo ya kutosha ikue, na kinapotolewa, ubongo huwa tayari kuitikia estrojeni.

Dalili: folikuli kubwa mno isiyopasuka

Kwa ng'ombe, folikuli yenye zaidi ya milimita 20 hadi 25, isiyo na korpasi luteamu pembeni yake na inayodumu zaidi ya wiki moja, huitwa uvimbe wa ovari. Baadhi huonyesha joto kila mara bila mpangilio, wengine huwa kimya kabisa. Jina linaelekeza kidole kwenye ovari. Fuatilia homoni zake uone kinachotokea.

Folikuli inatoa estrojeni nyingi. Kwa kawaida estrojeni hiyo ingefika kwenye seli za kispeptini, zikaamsha GnRH, wimbi la LH likatoka na folikuli ikapasuka. Kwa ng'ombe huyu estrojeni inafika lakini wimbi halitoki. Hata akidungwa estradioli (aina ya estrojeni) kutoka nje, wimbi la LH halitoki. Wakati huohuo, akidungwa GnRH, LH inapanda vizuri. Kwa hiyo pituitari ni nzima, ovari inatoa ishara, na kilichokufa ni usikivu wa haipothalamasi kwa estrojeni. Mapigo ya kawaida ya LH bado yapo, tena ya haraka kwa kuwa hakuna projesteroni ya kuyapunguza, na hayo ndiyo yanayoendelea kuilisha folikuli mpaka inavimba.

Haipothalamasi iliwahi kutoa wimbi ambalo halikufuatiwa na projesteroni. Hali hiyo ndiyo inayoifungia. Ng'ombe aliyetoa wimbi la LH mwanzoni mwa kipindi cha baada ya kuzaa bila folikuli kupasuka hubaki bila korpasi luteamu, na bila korpasi luteamu hakuna projesteroni ya kurudisha usikivu. Akishaingia humo, hatoki kirahisi.

Matibabu mawili hutumika, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye maandishi ya chupa:

- GnRH mikrogramu 100: huuruka ubongo na kuamrisha pituitari moja kwa moja. Uvimbe wenyewe mara nyingi haupasuki. Hugeuka kuwa tishu ya luteamu, au folikuli nyingine iliyo pembeni ndiyo inayotoa yai. Vyovyote iwavyo projesteroni inapatikana. Siku 7 baadaye piga prostaglandini.
- Kifaa cha projesteroni siku 7: hurudisha usikivu wenyewe. Kikitolewa, folikuli mpya huja na estrojeni yake huanzisha wimbi la kawaida.

Akishindwa kwa GnRH mara ya kwanza, usirudie GnRH ileile mara tatu. Nenda kwenye projesteroni. Na usiuminye uvimbe kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa. Unachana tishu, unavuja damu, makovu yanaziba mirija, na ubongo unabaki palepale ulipokuwa.

Dalili: anatoa yai bila kuonyesha joto, au anarudi baada ya siku 8 hadi 12

Hizi mbili hupenda kuja pamoja katika mzunguko wa kwanza baada ya kuzaa, kubalehe au msimu wa mapumziko. Tabia ya joto huhitaji ubongo uliokwisha kuonja projesteroni kabla ya estrojeni. Kondoo ndiye anayelihitaji hilo zaidi. Mzunguko mfupi nao hutoka kwenye mji wa mimba, ambao bila kuandaliwa na projesteroni huachia prostaglandini mapema na kuiua korpasi luteamu changa.

Ni jambo la kawaida, si ugonjwa. Mzunguko unaofuata hujirekebisha. Ukitaka kuruka hatua hii, weka projesteroni kabla: siku 5 hadi 14 kwa kondoo, 7 kwa ng'ombe.

Dalili: kundi zima limenyamaza kwa miezi

Kondoo na mbuzi wa maeneo yaliyo mbali na ikweta huzaliana siku zinapofupika. Farasi hufanya kinyume. Melatonini inayotoka usiku husomwa kwenye sehemu ya juu ya pituitari, ambako ujumbe hutoka na kubadilisha kiasi cha homoni ya tezi ya shingo kinachofanya kazi ndani ya haipothalamasi yenyewe, kisha unafika kwenye kispeptini na RFRP-3. Kwa kondoo wa kike nje ya msimu, estrojeni kidogo tu inatosha kuzima mapigo, na seli za dopamini zinahusika. Ovari zake ni nzima: wachunguzi walipowatiririshia kondoo hao kispeptini kwenye mshipa kwa saa nyingi, walitoa mayai.

Njia tatu, kwa kadiri ya gharama:

Dume. Mtenge dume na majike kwa mwezi, mbali hata na harufu na sauti, kisha mwingize ghafla. Mapigo ya LH huongezeka ndani ya dakika, na wengi hutoa yai ndani ya siku 2 hadi 3, kimya kimya. Joto lenyewe litaonekana katika marundo mawili, karibu na siku ya 18 na siku ya 24, kwa sababu baadhi hupitia kwanza mzunguko mfupi. Anayehesabu siku 17 na kumwondoa dume siku ya 20 hupoteza nusu ya kundi. Dume asipokuwa mgeni kwao au asipokuwa na hamu, hakuna kitakachotokea.

Melatonini. Kipandikizi cha miligramu 18 nyuma ya sikio la kondoo, wiki 5 hivi kabla ya dume kuingia. Huigiza usiku mrefu. Usitazamie lolote wiki ya kwanza. Ubongo huhitaji wiki kadhaa kukubali kwamba msimu umebadilika.

Mwanga, kwa farasi. Saa 16 za mwanga na 8 za giza, kuanzia siku 60 hadi 70 kabla ya tarehe unayotaka. Ongeza mwanga jioni baada ya jua kuzama. Wanaoacha taa zikiwaka usiku kucha hukosa matokeo, maana giza nalo ni sehemu ya ishara.

Dalili: folikuli iko tayari, jike amekubali, lakini hakuna korpasi luteamu

Angalia kwanza spishi. Sungura, paka, ngamia, lama na alpaka hawatoi yai kwa estrojeni peke yake; wimbi la LH huja baada ya kupandwa. Sungura hutoa yai saa 10 hadi 12 baada ya hapo, paka huchukua siku moja hadi mbili na kwa kawaida huhitaji kupandwa mara kadhaa kwa siku. Paka aliyepandwa mara moja asubuhi kisha akatenganishwa ni kisa cha kila wakati.

Kwa jamii ya ngamia kichocheo kikuu kimo kwenye shahawa. Mwaka 2012 kilitambuliwa kuwa ni protini ya NGF, ileile inayokuza neva; huingia kwenye damu na kuamsha ubongo. Hivyo uhimilishaji kwa shahawa zilizosafishwa majimaji yake kwa kawaida hauleti yai, hata mbegu ziwe hai zote. Piga GnRH: kwa ngamia mikrogramu 20 za buserelini (dawa inayoiga GnRH) wakati folikuli iko kati ya sentimita 1 na 1.8. Ikizidi sentimita 2 uwezekano wa kupasuka hushuka sana. Subiri wimbi jipya la folikuli.

Kwa mwanamke: hedhi imekatika au haieleweki

Ondoa ujauzito kwanza, kila mara. Kisha FSH, LH, estradioli, prolaktini na homoni ya tezi ya shingo.

LH na FSH chini, uzito umeshuka, mazoezi makali au msongo: mapigo yamepungua. Tafiti za Anne Loucks zilionyesha kwamba mapigo ya LH huanza kuvurugika nishati inayobaki baada ya mazoezi inaposhuka chini ya kilokalori 30 kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta kwa siku, na siku 5 tu zinatosha kuonyesha mabadiliko. Uzito unaweza kuwa wa kawaida kabisa. Vidonge vya uzazi wa mpango huleta damu ya kila mwezi bila kurudisha hata mpigo mmoja, na mifupa huendelea kupungua huku kila mtu akidhani tatizo limekwisha. Tiba ya kwanza ni chakula na kupunguza mazoezi.

Prolaktini juu: seli za kispeptini zina vipokezi vya prolaktini, na hapo ndipo inapozima mapigo. Chunguza dawa anazotumia, hasa za magonjwa ya akili na baadhi ya zile za kutapika, kabla ya kufikiria uvimbe wa pituitari. Pima tena akiwa ametulia, kwani hata uchungu wa sindano huipandisha.

LH juu kuliko FSH, hedhi za mbalimbali, dalili za androjeni: sindromu ya ovari zenye vifuko vingi. Hapa mapigo ni ya haraka mno na projesteroni inashindwa kuyapunguza, kwa hiyo LH inazidi na FSH haitoshi kuikomaza folikuli. Ni kinyume cha njaa, na ndiyo maana kutibu hali hizi mbili kwa namna moja huharibu. Zinaweza kufanana kwenye altrasaundi: ovari ya mwanamke mwenye mapigo hafifu nayo huweza kuonekana na vifuko vingi.

Hajawahi kuona hedhi na hanusi harufu: seli za GnRH huzaliwa puani kwenye kijusi na kuhamia ubongoni, uhamaji ukikwama, harufu na uzazi hupotea pamoja. Muulize kuhusu harufu, au mjaribu kwa kahawa na sabuni akiwa amefumba macho, maana wengi hawajui kwamba hawanusi. Pampu inayotoa GnRH kidogo kila dakika 60 hadi 90 inaweza kumpa mzunguko kamili.

Baada ya hedhi kukoma kabisa, seli za akuati hupoteza breki ya estrojeni na kuvimba. Ziko karibu na mfumo unaorekebisha joto la mwili, na nyurokinini B inayozidi ndiyo inayoleta vipindi vya joto kali la ghafla. Fezolinetanti, dawa inayoziba kipokezi cha nyurokinini B, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa tatizo hilo.

GnRH imepigwa kwa ratiba, matokeo mabaya

Ratiba ya Ovsynch, ya kupanga muda wa yai kutoka kwa ng'ombe: GnRH siku ya 0, prostaglandini siku ya 7, GnRH tena saa 56 baadaye, uhimilishaji saa 16 hadi 20 baada ya hapo. Inaposhindwa, pitia haya kwa mpangilio:

- Sindano ya kwanza haikupasua chochote. Folikuli chini ya milimita 10 haina vipokezi vya LH vya kutosha. Aliyeanzishwa siku ya 5 hadi 9 ya mzunguko hufaulu zaidi, ndiyo sababu ya ratiba za kumwandaa kabla.
- Prostaglandini haikuua korpasi luteamu. Iliyo chini ya siku 5 haisikii. Mabaki kidogo ya projesteroni yanatosha kuharibu mimba. Wengi huongeza dozi ya pili saa 24 baada ya ya kwanza.
- Projesteroni iko juu wakati wa GnRH. Wimbi la LH huwa dogo, wakati mwingine nusu.
- Dozi imeishia kwenye mafuta. Tumia sindano ndefu ya sentimita 3.8 kwenye msuli wa shingo, bomba moja kwa dawa moja. Chupa za GnRH na prostaglandini hukosewa mara nyingi kuliko mtu anavyodhani. Weka rangi kwenye mabomba.
- Dawa imeharibika. Peptidi iliyokaa kwenye gari juani haina dalili ya kuonekana kwa macho.

Prostaglandini hupenya ngozi. Mjamzito na mwenye pumu wasiishike kabisa.

Kosa jingine ni la muda. Kipandikizi cha deslorelini au dawa yoyote ya GnRH inayotoka mfululizo huanza kwa kupandisha LH na FSH, kisha huzima. Mbwa jike aliyewekewa kipandikizi ili asiingie joto anaweza kuingia joto wiki chache za mwanzo. Mwenye mbwa aambiwe mapema. Kispeptini nayo inachosha: wanawake waliokosa hedhi waliodungwa kispeptini-54 mara mbili kwa siku walipoteza mwitikio ndani ya wiki 2, ilhali waliodungwa mara mbili kwa wiki waliuhifadhi kwa sehemu.

Maabara: vipimo vinasema uongo

*LH imetoka chini, mnyama mzima.* Sampuli moja haina maana. Chukua kila dakika 10 kwa saa 6 hadi 8 kwa ng'ombe na kondoo, kila dakika 5 au 6 kwa panya, tone la mikrolita 4 hadi 5 kutoka ncha ya mkia. Panya asiyezoeshwa kushikwa kwa wiki mbili au tatu atakupa mapigo ya mnyama aliyeogopa.

*Wimbi halionekani kwa panya.* Huja jioni ya siku ya proestrasi (siku ya kukaribia joto), karibu na taa kuzimwa. Sampuli za asubuhi hulikosa. Kwa panya-buku, pentobabitali (dawa ya usingizi) ikitolewa mchana wa siku hiyo hulizuia kabisa, jambo linalojulikana tangu mwaka 1950.

*Kifaa cha binadamu kwa damu ya ng'ombe.* Usifanye. LH hutofautiana vya kutosha kuifanya kingamwili isiitambue. Kwa binadamu mwenyewe, hCG (homoni ya ujauzito) inaweza kusomeka kama LH kwenye baadhi ya vipimo.

*Unataka kupima GnRH kwenye damu ya mkono.* Haipimiki kwa maana yoyote. Imekwisha kabla ya kufika.

*Kispeptini haifanyi kazi.* Angalia ncha ya peptidi: bila amaidi mwishoni haifungi kipokezi. Wauzaji huuza zote mbili. Kispeptini-10 hudumu dakika 4 hivi kwenye damu, kispeptini-54 karibu dakika 28, hivyo usilinganishe dozi zake kwa mikrogramu. Gawa kwenye mirija midogo, hifadhi nyuzi 20 au 80 chini ya sifuri, na mrija ukiyeyuka usiugandishe tena. Miyeyusho hafifu hung'ang'ania plastiki. Ongeza albumini kidogo, kama 0.1%. Kuhakikisha kwamba athari inapita kwenye GnRH, mpe kwanza dawa inayoziba kipokezi cha GnRH: LH ikiendelea kupanda, kitu kingine kinafanya kazi.

*Senktidi inazima LH badala ya kuipandisha.* Kemikali hii huiga nyurokinini B, na jibu lake hutegemea estrojeni. Panya-buku aliyeondolewa ovari bila kupewa estrojeni huonyesha LH ikishuka. Akipewa estrojeni ya kutosha, hupanda. Andika hali ya estrojeni ya kila mnyama kando ya kila dozi, la sivyo matokeo mawili sahihi yataonekana kama ugomvi.